Kura Moja ya Meya

6 Februari

Mdogo wangu,

Nimekupigia simu mara tisa. Mara tano imepokelewa na mtu anayesema Mheshimiwa yuko kikaoni. Mara nne haikupokelewa kabisa, nadhani siku hizo na yeye alikuwa kikaoni. Basi nakuandikia. Ni wewe uliyeniambia, ulipokuwa bado karani wa dirishani, kwamba jambo lisilo na karatasi halmashauri hailijui.

Jumanne wamekuja watu wa idara ya ujenzi na mabati sita. Matatu wameyapigilia upande wetu wa daraja la miguu, matatu upande wa zahanati, wakaandika HATARI kwa rangi nyekundu, wakaondoka. Hawakumwambia mtu hatari ni ipi wala itakwisha lini.

Kutoka mlangoni kwa Mama hadi zahanati kwa kupita darajani ni hatua 410. Kwa kuzunguka barabara kuu ni hatua 3,260. Hizo ni zangu. Leo nimetembea naye, na zake, kwa kuwa ni fupi, zilikuwa 5,100, na tulipumzika mara kumi na moja. Unajua kidonda chake kinasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pikipiki tuliijaribu juzi. Mguu ukining'inia damu inashuka, kitambaa kinalowa, na muuguzi amekataza. Gari haliingii uchochoroni kwetu, hilo unalijua, umezaliwa humo.

Sikuombi upendeleo. Nataka kujua mambo mawili tu: nani atalikagua daraja, na siku gani. Wewe ni meya. Itisha watu wako, uwaulize.

Mama anasema anakusalimu, na kwamba ule chakula vizuri.

Dada yako, Fundi


13 Februari
OFISI YA MEYA

Ndugu Mwananchi,

YAH: DARAJA LA WAENDA KWA MIGUU

Rejea barua yako kuhusu mada tajwa hapo juu. Ofisi inakiri kuipokea na inakupongeza kwa moyo wako wa kujali miundombinu ya mji wetu. Suala lako limepelekwa katika idara husika kwa hatua stahiki. Tafadhali endelea kuwa mvumilivu.

Katibu wa Meya
Kwa niaba ya Mheshimiwa Meya


24 Februari

Mdogo wangu,

Barua ya Ndugu Mwananchi imefika. Mama aliniomba nimsomee mara mbili. Akauliza, "Huyo mwananchi ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akageukia ukutani. Laiti ungeliona hilo la kugeukia ukutani.

Diwani wetu, yule tunayemwita Kipaza kwa sauti yake, alipita karakana kwangu jana. Anasema baraza lilikaa tarehe 20, ripoti ya Mhandisi kuhusu daraja ililetwa, na ikaahirishwa. Nikamuuliza imeahirishwa mpaka lini. "Mpaka itakapoletwa tena." Italetwa lini tena? "Ikishaacha kuahirishwa." Na yeye kwa kawaida hana utani.

Ripoti ikiahirishwa, ukarabati hauanzi, na mabati yanabaki. Sisi wa huku hesabu hiyo tunaiweza bila diwani.

Tangu daraja lifungwe, Mama alitakiwa kusafishwa kidonda mara tisa. Amefika mara nne. Siku nyingine anafika nusu ya njia, anakaa juu ya ngazi za duka la mtu, ananiambia, "Mwanangu, nirudishe tu." Mimi nainua vyuma kila siku, lakini kumbeba mama yako barabarani huku watu wanamsogezea viti kwa huruma ni mzigo wa namna nyingine.

Nani ameahirisha, na kwa nini? Nijibu wewe. Asinijibu mtu kwa niaba yako.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nisamehe ile barua. Zinatoka kumi na tano kwa siku, na Katibu hakujua ni wewe.

Sasa nikueleze, maana naona hata nyumbani hamjui kazi yangu. Watu wanadhani meya ni mfalme mdogo. Meya hana fundi, hana greda, hana hata bati moja. Watendaji wote wako chini ya Mkurugenzi. Mhandisi akisema daraja ni hatari, meya hawezi kwenda kung'oa mabati kwa mikono yake. Mimi ni mwenyekiti wa madiwani. Naongoza vikao, natunza utaratibu, napokea wageni, na hata kupiga kura sipigi. Tarehe 20 baraza lilijadili na baraza likaahirisha. Ni maamuzi ya wengi, na mimi ndiye wa mwisho kuyapinga, kwa kuwa kazi yangu ni kuyalinda.

Najua ni vigumu kumwambia Mama hayo. Mwambie kwamba nalifuatilia.

Nimeuliza kama zahanati inaweza kutuma muuguzi nyumbani. Wana wauguzi wawili kwa wagonjwa wote wa vidonda. Nitauliza tena.

Mdogo wako


18 Machi

Mheshimiwa Meya,

Leo nimefunga karakana nusu siku nikaja kwenu. Sikupanda juu ofisini kwako. Nilikwenda masjala, kwenye kile chumba cha chini chenye makabati ya chuma. Bawaba za kabati la tatu zimechoka, mwambie mtu. Mama wa masjala aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kusoma kumbukumbu za kikao cha tarehe 20 Februari. Akaniuliza mimi nani. Nikamwambia Ndugu Mwananchi. Alinitazama, akatoa faili, akanisogezea kiti. Huyo mpandisheni cheo.

Ukurasa wa tano. Wajumbe waliohudhuria, ishirini na wawili. Waliotaka ripoti ipokelewe na ukarabati uanze, kumi na mmoja. Waliotaka iahirishwe, kumi na mmoja. Halafu mstari huu, nimeunakili kama ulivyo: "Kwa kuwa kura zililingana, Mwenyekiti alitumia kura yake ya uamuzi, na hoja ya kuahirisha ikapita."

Niliusoma mara tatu nikidhani macho yangu yameharibiwa na moto wa kuchomelea.

Uliniandikia kwamba hupigi kura. Ni kweli, hupigi siku zote. Unapiga siku moja tu, siku wenzako wamegawanyika katikati na hakuna wa kuamua ila wewe. Yaani kwa mwaka mzima mji huu unakuvalisha mkufu, unakupa gari na mlinzi, ukikusubiri kwa siku hiyo moja. Siku ikafika, ukaitumia kumfungia njia mama yako. Halafu ukaniandikia "maamuzi ya wengi". Ishirini na mbili gawa kwa mbili ni kumi na moja. Wengi ni nani hapo? Ni wewe peke yako.

Sijamwambia Mama. Sijui nianzie wapi.

Fundi


25 Machi

Dada,

Sitakana. Nilipiga ile kura.

Ripoti ya Mhandisi ina kurasa nne. Ukurasa wa tatu unasema daraja limelegea kwa sababu ya uchomeleaji hafifu wa reli na viungo, na unapendekeza fundi aliyefanya kazi hiyo aondolewe kwenye orodha ya mafundi wa halmashauri na achukuliwe hatua. Karakana imetajwa kwa jina. Ni yako, Dada. Ulilichomelea wewe, miaka minne iliyopita, kabla sijawa hata diwani, lakini nani angejali tarehe? Ripoti ikipokelewa, inasomwa kwa sauti mbele ya wote, waandishi wa habari wamekaa safu ya nyuma. Jioni ile ile mji mzima ungekuwa unasema dada wa meya kajenga daraja bovu.

Ulianza na mashine moja ya kukodi. Nilikuona ukilala na miwani ya kuchomelea kifuani. Niliona kumi na moja upande huu, kumi na moja upande ule, na wote wananitazama. Nikasema iahirishwe. Nilidhani nitapata muda wa kuongea na Mhandisi pembeni, aandike upya bila jina. Sijafanikiwa.

Nilikukinga. Nilikosea kutokukwambia, lakini nilikukinga.

Mdogo wako


29 Machi

Mheshimiwa,

Nimesoma. Nikakunja barua, nikachukua nyundo, rula ya chuma na chaki, nikaenda darajani na mafundi wangu wawili. Tuliruka mabati. Andika hilo pia kwenye kumbukumbu zenu kama ni kosa.

Daraja lina viungo 96. Tumevigonga vyote, kimoja kimoja. Kiungo kizima kikigongwa kinalia, kibovu kinanyamaza kama debe la mchanga. Tisini na vinne vimelia. Viwili vimenyamaza, cha 58 na cha 59, upande wa kushoto, karibu na katikati. Navikumbuka. Siku hiyo mvua ilianza tukiwa juu, nikamalizia haraka, nikajiambia nitarudi. Sikurudi. Aibu ya viungo viwili ni yangu na naibeba.

Lakini reli haishikilii daraja, mdogo wangu. Reli ni ya kushika mkono. Daraja linasimama juu ya miguu yake, na mguu wa upande wa zahanati umechimbika chini. Nimeingiza nondo: imezama sentimita 60 kwenda ndani, na uwazi ni sentimita 41. Na maji yanayochimba hapo yanatoka wapi? Kwenye bomba la mfereji mpya wa halmashauri, lililoelekezwa moja kwa moja kwenye ule mguu. Mfereji huo umejengwa mwaka jana, na msimamizi wake alikuwa nani? Mhandisi yule yule aliyeandika ukurasa wa tatu.

Hukuniuliza. Karakana kwangu si mbali na mnapokaa kuamua, lakini hukutuma hata mtu kuniuliza, "Dada, hivi vyuma vyako vikoje?" Uliamini karatasi. Ulinihukumu moyoni, ukaniona nina hatia, kisha ukaanza kunificha kama mwizi wa familia. Jina langu nimelijenga kwa mikono hii, na mtu wa kwanza kuliamini kuwa ni bovu ni mdogo wangu.

Na usiniambie ulinikinga. Vichwa vya habari ulivyoviogopa vingeanza na neno "meya".

Irudishe ripoti mezani. Isomwe yote, na jina langu lisomwe. Nami niwepo nijibu.

Mguu wa Mama umebadilika rangi kwenye vidole. Wametuandikia twende hospitali kuu.

Fundi


16 Aprili

Dada,

Nilipokuja wodini ulitoka nje, nami sikukufuata. Mama alikuwa amelala. Daktari alinionesha kwenye chati vidole vilivyokatwa: viwili, cha mwisho na kinachofuata. Amesema kidonda kilikaa muda mrefu bila kusafishwa ipasavyo. Hakujua anaongea na nani, au alijua.

Mama alipoamka aliniuliza kama nimekula.

Nimeweka daraja kwenye ajenda ya tarehe 30. Kanuni inanitaka nitangaze kwamba nina maslahi, niache kiti na nitoke ukumbini mpaka jambo limalizike. Nilipaswa kufanya hivyo Februari. Naibu Meya ataongoza. Utapewa dakika tatu; anatumia saa ya mkononi na hana huruma, kwa hiyo panga maneno.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Kwa kuwa ulikuwa umekaa nje kwenye benchi, nakueleza yaliyotokea ndani.

Ripoti ilisomwa yote. Waliposoma jina la karakana, kuna mtu safu ya nyuma aliguna, na Kipaza akageuka akamwambia, "Guna ukimaliza kusikiliza." Halafu wakaniita.

Sikusalimia kwa maneno mengi, dakika zilikuwa tatu. Nilianza na viungo viwili. Nikataja namba zake, nikasema vibovu, nilivichomelea mimi, na nitavirudia bila kudai chochote, Mhandisi akiwa amesimama juu ya kichwa changu. Nadhani walikuja kuniona nikikana. Kisha nikasema vingine 94 ni vizima na wakitaka tukavigonge wote sasa hivi. Kisha nikatoa picha za mguu wa daraja na rula ikiwa ndani ya shimo, nikaziweka mbele ya Naibu Meya. Nikasema, "Maji ya mfereji wenu ndiyo yanayochimba hapa. Nani aliyeelekeza bomba?"

Mhandisi akasema suala la bomba si sehemu ya ripoti. Nikamjibu kwamba nimeliona hilo, ndiyo maana nimekuja. Naibu Meya akasema dakika zangu zimekwisha. Zilikuwa zimebaki sekunde ishirini, nami nina saa pia, lakini nilikaa.

Diwani mmoja mama, mfupi, anayekaa karibu na dirisha, alisimama akauliza swali moja tu: "Huyu fundi amekuja na makosa yake mkononi. Idara imekuja na ya nani?"

Kumi na wanne wamesema ukarabati uanze, bomba ligeuzwe, na ripoti iandikwe upya na mhandisi wa nje. Saba wamekataa. Mmoja alikuwa amelala. Kura hazikulingana, kwa hiyo mwenyekiti hakuhitajika.

Kazi ni wiki saba. Fikiria hilo. Wiki saba, ambazo zingeanza Februari.

Mama ametoka hospitali. Anajifunza upya kukanyaga. Ananiambia vidole vile havikuwa na kazi kubwa. Anasema hivyo ili nisikuchukie. Sikuchukii. Nimekukasirikia, na hasira yangu ina vipimo, siyo ya kupita.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Mabati yameondolewa Ijumaa. Nilikuwa nimesimama upande wa zahanati, mbali kidogo, nikawaona wewe na Mama mkivuka. Sikusogea, nikaona siku ile haikuwa yangu.

Idara ya itifaki walitaka sherehe na jiwe la ufunguzi lenye jina la meya, kama ilivyo desturi. Nimekataa. Badala yake, jana, mwanzo wa kikao, niliomba kusema. Nilisema taratibu ili Katibu asikose neno. Nakunakilia:

"Tarehe 20 Februari kura zililingana, nami nilitumia kura ya uamuzi kuahirisha ripoti ya daraja. Fundi aliyetajwa ni dada yangu, na sikutangaza hilo. Nilijiambia namkinga yeye. Nilikuwa najikinga mimi. Kwa kura hiyo daraja lilibaki limefungwa siku 119, na wananchi waliumia, mama yangu akiwemo. Naomba iandikwe."

Ukumbi haukupiga makofi. Diwani mmoja ametoa notisi ya hoja ya kutokuwa na imani nami. Itajadiliwa mwezi ujao. Wanaweza kuniondoa, na hesabu naijua: wanahitaji kumi na watano, nadhani wana kumi na watatu. Safari hii sitaongoza kikao, na sitaomba kura ya mtu.

Ulitaka isomwe yote. Imesomwa.

Mdogo wako


26 Juni

Mdogo wangu,

Maneno yako nimeyasoma, kisha nikamsomea Mama. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akasema, "Amesema vizuri." Yeye ni mama yako, ana haki ya kusema hivyo.

Mimi nilichukua kalenda.

Siku 119 umehesabu tangu kura yako mpaka mabati yalipoondoka. Ni sahihi, nimezipitia kwa kidole. Lakini mabati hayakuwekwa tarehe 20. Yaliwekwa tarehe 3 Februari. Daraja limefungwa siku 136. Kuna siku kumi na saba hukuzitaja kokote, na najua utasema zile ni za Mhandisi.

Siyo za Mhandisi. Barua yangu ya kwanza niliiandika siku ya tatu. Ilikuwa juu ya meza yako, ina hatua zote nilizohesabu, ina kidonda, ina siku za kusafishwa. Kanuni zenu nimezisoma pale masjala nikisubiri faili: meya anaweza kuitisha kikao cha dharura kwa saini yake peke yake. Hahitaji kumi na moja, hahitaji Mkurugenzi. Siku hizo kumi na saba hakukuwa na ripoti, hakukuwa na jina langu, hakukuwa na mtu wa kumkinga wala cha kuogopa. Ulikuwa na shughuli tu. Ukanijibu Ndugu Mwananchi.

Jana nimeichukua kadi ya Mama ya zahanati nikaisoma mstari kwa mstari. Muuguzi ameandika kwa mkono wake: "16 Feb. Kidonda kinatoa harufu, vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi." Ni siku nne kabla ya kikao chenu; mimi niliviona Machi tu, bandeji ilipofunguliwa mbele yangu. Hata kama ungepiga kura upande wa pili, vidole vile vilikuwa vimeshaondoka.

Kwa hiyo umetubu kwa kosa dogo. Ile kura inaonekana, ina ukurasa na mstari, na ni rahisi kuisimamia mbele ya watu. Zile siku kumi na saba hazipo kwenye kumbukumbu yoyote, kwa kuwa hukufanya kitu.

Kabla hawajakupigia hiyo kura yao ya imani, simama tena, urekebishe. Ni siku 136. Na useme za mwanzo zilikwenda wapi.

Jumatatu itakayofuata nitakuja masjala kuangalia kama imeandikwa.

Dada yako